Dodoso limesema hatari ni ndogo, kipimo cha kidoleni kimesema ni sawa: je, mama hana apnia ya usingizi?

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, ni mjane, na amekuwa na kisukari cha aina ya 2 tangu mwaka 2014. Presha yake inatibiwa kwa dawa tatu na bado haikai sawa. Ana kilo 84 na urefu wa sentimita 158. Kila usiku huamka mara nne kwenda haja ndogo, na asubuhi huamka kichwa kikimuuma. Mwanangu wa miaka 11 analala naye chumba kimoja, naye ameniambia kuwa bibi hukoroma sana, kisha hunyamaza kimya, halafu hushtuka kama mtu aliyetoka kwenye maji. Kliniki walimpa dodoso akapata alama 2, wakasema hatari ni ndogo. Tuliposisitiza, alivalishwa kifaa cha kidoleni usiku mmoja nyumbani, na karatasi ya majibu inasema wastani wa oksijeni ni asilimia 94. Tumeambiwa hana tatizo. Je, tuliache jambo hili?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Msiliache. Kwa maelezo uliyonipa, mama ana kila sababu ya kushukiwa kuwa na apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi akiwa amelala, na vipimo viwili alivyofanyiwa havitoshi kuiondoa shaka hiyo. Sisemi kwamba anao ugonjwa huo, kwa sababu hakuna anayeweza kusema hivyo kabla pumzi yake haijapimwa usiku kwa kipimo kinachofaa. Ninachosema ni kwamba neno la mjukuu wake lina uzito kuliko ile karatasi, na nitakueleza kwa nini.

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye mafuta mengi shingoni na kwenye ulimi, njia ya hewa hubanwa hadi ikafunga kabisa au kufunga nusu. Kifua kinaendelea kujikakamua kuvuta hewa isiyoingia, oksijeni inashuka kwenye damu, na baada ya muda ubongo unapiga kengele: mtu anazinduka kwa sekunde chache, anavuta pumzi kwa kishindo, kisha anarudi usingizini bila kukumbuka lolote. Wataalamu huhesabu tukio kuwa apnia pale hewa inapokatika kwa angalau sekunde 10. Kila kuzinduka huko kunamwaga adrenalini mwilini, presha inapanda, ini linatoa sukari zaidi kwenye damu, na insulini inafanya kazi kwa shida. Ndiyo maana tatizo hili huandamana na kisukari, presha sugu na unene wa tumboni, kiasi kwamba tangu mwaka 2008 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limewataka madaktari wanaotibu kisukari cha aina ya 2 kulifikiria, na wanaotibu apnia kupima sukari ya wagonjwa wao.

Ukubwa wake unashangaza. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowapima usingizi watu 306 wenye kisukari cha aina ya 2 na uzito uliozidi, na zaidi ya asilimia 86 kati yao walikutwa na apnia ya kiwango fulani. Hao walikuwa watu waliojiunga na mpango wa kupunguza uzito, kwa hiyo nisingechukua takwimu hiyo na kuwabandika wagonjwa wote wa kisukari. Hata hivyo inatufundisha jambo muhimu la kitabibu: mahali ambapo ugonjwa umejaa kiasi hicho, kipimo dhaifu kikisema “haupo”, cha kushukiwa kwanza ni kipimo chenyewe.

Tuanze na lile dodoso. Kwa alama ulizotaja, nadhani ni lile liitwalo STOP-Bang, lililotungwa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008 kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Lina maswali manane ya ndiyo au hapana: je, unakoroma kwa sauti, je, unachoka au kusinzia mchana, je, kuna aliyekuona ukikata pumzi usingizini, je, una presha, je, uwiano wako wa uzito na urefu (BMI) unazidi 35, je, umri unazidi miaka 50, je, shingo yako ni nene, inazidi sentimita 40, je, wewe ni mwanamume. Alama 0 hadi 2 huitwa hatari ndogo, 3 na 4 ni ya kati, 5 hadi 8 ni kubwa.

Sasa mweke mama mbele ya maswali hayo. Presha anayo, umri umepita 50, hapo ni alama 2. Uwiano wake wa uzito na urefu ni kama 33.6, hivyo swali hilo linampita. Mwanamume si yeye. Kukoroma amesema hapana, kwa sababu hakuna anayejisikia akikoroma na aliyekuwa akimwambia ametangulia mbele ya haki. Aliyemwona akikata pumzi, kwa ujuzi wake yeye, hayupo. Kuhusu uchovu, bila shaka alisema ni wa kawaida, ni wa sukari, ni wa utu uzima. Alama 2 zile zilipima upweke wa mjane kitandani kuliko zilivyopima pumzi yake. Ukirudia maswali yale yale ukiwa na ushahidi wa mjukuu, anapata alama ya kukoroma na alama ya kushuhudiwa, jumla 4. Akikiri uchovu wa mchana zinakuwa 5, na ameshaingia kundi la hatari kubwa bila gramu moja kuongezeka mwilini mwake. Na kama hakuna aliyempima shingo kwa futi ya fundi cherehani, mpimeni leo, chini kidogo ya koromeo.

Kwa wanawake udhaifu huo ni mkubwa zaidi. Wengi wao hawaji wakilalamikia kukoroma. Huja wakisema hawapati usingizi, wanaamka wamechoka, wanaumwa kichwa asubuhi, wana huzuni wasiyoielewa. Na mwenye kisukari ana mtego mwingine, kwamba kila dalili ina mshitakiwa wake tayari. Chukua hiyo haja ndogo ya usiku. Ni kweli sukari ikipanda mtu hukojoa sana, na ni kweli pia kwamba dawa ya presha ya kukojosha ikinywewa jioni humwamsha mtu usiku kucha, kwa hiyo ulizia anainywa saa ngapi. Lakini kifua kinapojikakamua kuvuta hewa kwenye koo lililofunga, moyo unavutwa na kutanuka kana kwamba damu imezidi, nao hutoa homoni inayoiambia figo itoe maji na chumvi. Mama akiwa na sukari nzuri ya alfajiri na bado anaamka mara nne, msiishie kuilaumu sukari.

Vivyo hivyo kuhusu kusinzia. Kuna kipimo cha maswali kilichotungwa Melbourne na kuchapishwa mwaka 1991, kiitwacho Epworth, kinachomuuliza mtu uwezekano wa kusinzia katika hali nane, kama vile akiwa abiria ndani ya gari kwa saa nzima au akiwa ameketi baada ya chakula cha mchana. Zaidi ya alama 10 kati ya 24 ni za kutiliwa maanani. Kinafaa, ila watu wengi wenye apnia kali hawasinzii mchana, hasa wale ambao shughuli haziwaachi wakae chini. Kutosinzia hakumsafishi mtu.

Nije sasa kwenye kipimo cha kidoleni, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi zinapodanganyika kwa nia njema kabisa. Wastani wa oksijeni wa usiku mzima ni namba inayoweza kuficha ugonjwa ulio wazi. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mama amelala saa 6, yaani dakika 360, na pumzi yake imekatika mara 90, kila mara oksijeni ikishuka hadi asilimia 86 kwa nusu dakika, na muda mwingine wote ikikaa asilimia 96. Matukio hayo yamechukua dakika 45 tu. Ukipiga wastani wa usiku mzima unapata karibu asilimia 95, jibu zuri kuliko hata hilo la mama. Ilhali matukio 90 kwa saa 6 ni matukio 15 kwa kila saa, na hicho tayari ni kiwango cha kati cha ugonjwa, cha kutibiwa.

Kwa hiyo rudini mkaombe ripoti kamili pamoja na mchoro wake. Tazameni kwanza kifaa kilirekodi vizuri kwa saa ngapi; chini ya saa 4 za rekodi safi, mimi binafsi nisingetoa uamuzi wowote. Kisha tafuteni idadi ya mara ambazo oksijeni imeshuka kwa kila saa, na jumla ya muda ambao imekaa chini ya asilimia 90. Halafu uangalieni ule mstari wenyewe. Mstari wa mtu anayepumua vizuri hutulia kama bahari ya asubuhi, ukitikisika kidogo hapa na pale. Wa mwenye apnia hushuka na kupanda, kushuka na kupanda, kama meno ya msumeno, wakati mwingine kwa makundi yanayokuja kila baada ya saa moja na nusu hivi, mtu anapoingia kwenye usingizi wa ndoto. Ukiyaona meno hayo, hutamhitaji mtu wa kukutafsiria wastani.

Ulizeni pia kifaa kilikuwa cha aina gani. Oksimeta, yaani kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, ikiwa ni ya kurekodi usingizi hutakiwa kufanya wastani wa sekunde zisizozidi 3 ili ishike mishuko mifupi. Zile ndogo za bei nafuu zilizoenea wakati wa Uviko-19 zimetengenezwa kukupa namba moja iliyotulia, nazo hulainisha meno ya msumeno yasionekane. Mkumbushe mama kama wiki hiyo alikuwa na shughuli ya harusi, kwa sababu rangi ya kucha na piko nyeusi kwenye ncha za vidole vinaweza kuzuia mwanga wa kifaa na kuharibu usomaji. Mikono baridi na mishipa iliyobanwa huleta shida hiyo hiyo.

Na kuna jambo ambalo sisi wenye ngozi nyeusi hatupaswi kulinyamazia. Mwezi Desemba 2020 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa namba za oksimeta na oksijeni iliyopimwa moja kwa moja kwenye damu, wakakuta kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilikosa kuona oksijeni iliyoshuka karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Kifaa huelekea kutupa namba nzuri kuliko hali yetu. Kupanda na kushuka kutaonekana, lakini muda wa kukaa chini ya asilimia 90 unaweza kuonekana mfupi kuliko ulivyo. Asilimia 94 ya mama isomwe kwa tahadhari hiyo.

Sasa, kipimo kinachofaa ni kipi? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kifaa cha nyumbani chenye vihisio vingi: mrija mdogo puani wa kupima hewa inayoingia na kutoka, mkanda kifuani wa kuonyesha kama mwili unajitahidi kupumua, na oksimeta kidoleni. Ya pili ni polisomnografia, yaani kulala usiku mmoja katika maabara ya usingizi ambako pamoja na hayo hupimwa mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho, misuli na moyo. Zote mbili hutoa idadi ya matukio ya pumzi kukatika au kupungua kwa kila saa. Chini ya 5 ni kawaida kwa mtu mzima, 5 hadi chini ya 15 ni kiwango kidogo, 15 hadi chini ya 30 ni cha kati, na 30 kwenda juu ni kikali.

Maabara za usingizi kwetu Afrika Mashariki ni chache na ziko kwenye miji mikubwa, kwa hiyo kifaa cha nyumbani ndicho kitakachopatikana kwa urahisi zaidi, nacho kinafaa kwa mtu anayeshukiwa sana kuwa na apnia na asiye na ugonjwa mwingine mzito. Lakini mjue kinapokosea. Vifaa vingi vya nyumbani havipimi mawimbi ya ubongo, hivyo havijui mtu amelala au yuko macho. Hugawanya matukio kwa saa zote za rekodi. Mama yenu anaamka mara nne. Akiwa na matukio 60 ndani ya saa 8 za rekodi, karatasi itasema 7.5, kiwango kidogo. Kama ndani ya saa hizo 8 alilala 4 tu, ukweli ni 15. Kifaa hicho pia hakioni matukio yanayoishia kwenye kuzinduka bila oksijeni kushuka, na hayo ni mengi kwa wanawake. Ndiyo sababu miongozo inasema kipimo cha nyumbani kikitoka safi kwa mtu mwenye dalili nzito, kifuatwe na polisomnografia.

Vipo pia vifaa vya kidole na kifundo cha mkono vinavyotambua apnia kwa jinsi mishipa ya kidole inavyosinyaa mtu anapozinduka. Ni vizuri, ila kwa mgonjwa wa kisukari cha miaka mingi ninavitazama kwa uangalifu, kwa kuwa kisukari huharibu mishipa ya fahamu inayoamrisha kusinyaa huko; na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, pamoja na baadhi ya dawa za presha, huvipotosha. Saa za Samsung na Apple zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2024 kutoa tahadhari ya apnia zibaki kwenye kazi hiyo ya tahadhari. Saa ikinyamaza, haijampima mtu akaonekana mzima.

Kabla ya kuchagua kipimo, kuna namba moja ambayo huenda tayari iko kwenye faili la mama. Wagonjwa wa kisukari hupimwa figo na chumvi za damu, na mara nyingi karatasi hiyo ina bikaboneti, mojawapo ya chumvi hizo. Kwa mtu mwenye uwiano wa uzito unaozidi 30 na apnia inayoshukiwa, bikaboneti ya 27 au zaidi inatutaka tuulize kama anashindwa kutoa hewa ya ukaa hata mchana, hali ambayo ni hatari zaidi ya apnia peke yake na ambayo kifaa cha nyumbani hakiioni. Hapo daktari atataka kupima gesi za damu ya ateri na kumpeleka maabara. Tahadhari yangu ni kwamba dawa za kukojosha huipandisha namba hiyo, na figo zilizochoka huishusha, hivyo isomwe na mtu anayejua dawa za mama. Maabara pia ndiyo njia sahihi ikiwa aliwahi kupata kiharusi, ana moyo ulioshindwa, ana ugonjwa mzito wa mapafu, au anatumia dawa za maumivu za jamii ya mofini.

Ombeni pia tezi ya thairoidi ipimwe, kwa sababu tezi iliyolegea huongeza uzito, huvimbisha ulimi na koo, na huleta uchovu ule ule.

Wakati mkitafuta kipimo, wewe mwenyewe lala chumbani kwa mama usiku mbili tatu badala ya mtoto. Mtoto wa miaka 11 asibebeshwe kazi ya kusikiliza kama bibi yake bado anapumua. Rekodi kwa simu dakika chache za ule mkoromo, ule ukimya na ule mshtuko, huku kifua kikionekana, kisha hesabu sekunde za ukimya. Rekodi hiyo ikichezwa mbele ya daktari humaliza ubishi mwingi. Asinywe dawa za usingizi zinazouzwa dukani bila cheti, hata kama analalamika kukosa usingizi, kwa kuwa hulegeza koo zaidi. Alale ubavu. Na kama kuna upasuaji wowote uliopangwa, hata wa jicho, daktari wa usingizi wa ganzi aambiwe mapema juu ya shaka hii.

Huenda unajiuliza kama kuhangaika kote huku kuna faida. Ipo. Mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza huko Sydney mwaka 1981, hufungua koo usiku ule ule wa kwanza ikiwekwa vizuri, na kwa watu wenye presha sugu husaidia kuishusha. Kupunguza uzito nako hupunguza matukio: utafiti wa Wisconsin wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa aliyepungua asilimia 10 ya uzito alitarajiwa kupungukiwa na matukio kwa takriban asilimia 26. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, dawa ya sindano iliyoanzia kwenye kisukari, kwa apnia ya kati na kali ya watu wanene. Kwa sukari yenyewe sitakuahidi makubwa, kwa kuwa matokeo ya tafiti juu ya barakoa na sukari hayaendi upande mmoja. Mama asipunguze dawa zake kwa kutumaini mashine.

Mkirudi kliniki, usianze kwa kulalamikia majibu ya awali. Mwambie daktari hivi: mama ana kisukari cha miaka mingi, presha isiyoshuka kwa dawa tatu, ameshuhudiwa akikata pumzi, dodoso likijazwa upya linafika 4 au 5, na tunaomba kipimo cha pumzi cha usiku chenye kihisio cha puani na mkanda wa kifuani. Kisha niandikie tena ukiwa na namba nne: saa zilizorekodiwa na kile kifaa cha kidoleni, mishuko kwa kila saa, muda chini ya asilimia 90, na bikaboneti.